Goma–Kinshasa ni masaa mawili ya ndege: nani aliyeifanya kuwa siku mbili?

Kati ya uwanja wa ndege wa Goma na ule wa N'djili, Kinshasa, kuna karibu kilomita 1,560 kwa mstari ulionyooka. Ndege kubwa ya abiria, Airbus A320 au Boeing 737, inakwenda kilomita 800 hivi kwa saa. Ukigawanya hesabu hiyo na kuongeza dakika za kupanda na kushuka, safari ni masaa mawili na robo. Mtu aliyekunywa chai Himbi asubuhi angeweza kula chakula cha mchana Lemba au Limete.

Hiyo ni hesabu ya ramani. Hesabu ya mkaaji wa Goma leo ni nyingine kabisa. Tangu mwisho wa mwezi wa kwanza mwaka 2025, M23 ilipouteka mji, uwanja wa Goma umefungwa kwa ndege za abiria. Tarehe 14 mwezi wa pili, uwanja wa Kavumu unaotumikia Bukavu ulitekwa pia, na mlango wa pili ukafungwa. Miji miwili mikubwa ya Kivu, Goma na Bukavu, ikabaki bila ndege. Anayetaka kwenda mji mkuu wa nchi yake analazimika kwanza kutoka nje ya nchi yake.

Ardhi haikusogea. Goma iko palepale chini ya Nyiragongo, Kinshasa iko palepale kando ya mto. Kilichoongezeka kati yao si kilomita. Ni maamuzi ya watu. Na kwa sababu ni maamuzi ya watu, wakaaji wana haki ya kuuliza: masaa mawili haya, nani aliyeyafanya kuwa siku mbili, na nani atakayeyarudisha?

Njia ya kuzunguka

Chukulia msafiri anayepitia Kigali. Anavuka mpaka wa Grande Barrière asubuhi akiwa na pasipoti na kitabu cha chanjo ya homa ya manjano. Anapanda basi, kilomita karibu 155 za milima, masaa matatu hadi manne. Akifika Kigali hapati ndege ya moja kwa moja kwenda Kinshasa. Kongo ilisimamisha safari za kampuni ya ndege ya Rwanda mwaka 2022, na mwezi wa pili mwaka 2025 ikafunga anga yake kwa ndege zote zilizoandikishwa Rwanda. Basi anapanda ndege ya kwenda Nairobi au Addis Ababa ili apate nyingine ya kumrudisha upande wa magharibi.

Hesabu ya Nairobi inasikitisha. Kutoka Kigali hadi Nairobi ni kilomita kama 760, na zote ni za kumtoa mbali na Kinshasa. Kutoka Nairobi hadi Kinshasa ni kilomita kama 2,400, masaa matatu na nusu hivi angani. Ukijumlisha na basi, msafiri amefanya zaidi ya kilomita 3,300 ili kufika mahali palipo kilomita 1,560 kutoka mlango wa nyumba yake. Ni zaidi ya mara mbili.

Kuna jambo jingine. Ukichukua rula na kuvuta mstari kwenye ramani kutoka Nairobi hadi Kinshasa, mstari huo unapita si mbali na Kigali, kisha karibu sana na Bukavu, na Goma inabaki kaskazini kwa kilomita themanini na kidogo. Rubani hafuati mstari wa rula, maana anga nayo ina barabara zake. Lakini maana yake ni ileile: mama aliyetoka Ndosho jana yake, akalala Kigali, akashinda uwanja wa ndege wa Nairobi, anarudishwa hewani kuelekea kule alikotoka, anapita juu ya Kivu bila kushuka, halafu ndipo safari ya kwenda Kinshasa inaanza kweli.

Njia ya pili ni ya Beni. Toka mwaka 2025, wakati Goma iko mikononi mwa AFC/M23, ofisi za jimbo la Kivu ya Kaskazini zinazotii Kinshasa ziko Beni. Kati ya Goma na Beni ni kilomita kama 250 kwa mstari ulionyooka. Ndege ndogo ya propela ingezimaliza kwa saa moja hivi. Barabara ya kawaida, ile ya Rutshuru, Kanyabayonga na Butembo, inakatwa na mistari ya vita. Kwa hiyo watu wengi wanatoka Goma hadi Bunagana, wanaingia Uganda, wanapita Kisoro na Kasese, wanarudi Kongo kwa mpaka wa Mpondwe na Kasindi, kisha wanapanda hadi Beni. Mkaaji wa Kivu ya Kaskazini anapigishwa muhuri wa Uganda mara mbili, kuingia na kutoka, ili afike kwenye ofisi ya jimbo lake mwenyewe.

Hata Goma na Bukavu, miji miwili ya ziwa moja, zimebadilishana mahali. Kutoka uwanja wa Goma hadi Kavumu ni kilomita 85 hivi, dakika ishirini au ishirini na tano za ndege. Ni kweli kwamba safari hiyo haikuwa fupi kama ilivyoonekana: Kavumu iko kilomita kama 30 kutoka Bukavu mjini, na barabara yake inaweza kula saa nzima na zaidi. Boti za ziwani zilikuwa zinashindana na ndege, na kwa watu wengi boti ilishinda kwa bei. Lakini mgonjwa mwenye damu inayotoka hashindanishi bei. Kwake ndege ilikuwa njia pekee iliyo fupi.

Saa ya tiketi inadanganya

Jambo moja limewachanganya wasafiri siku nyingi, tangu kabla ya vita hii, na linafaa kuelezwa vizuri kwa sababu bado linawapotezea watu ndege na pesa.

Kongo ina saa mbili tofauti. Mashariki, yaani Goma, Bukavu, Beni, Bunia, Kisangani na hata Lubumbashi, saa iko mbele ya Kinshasa kwa saa moja. Kinshasa ikiwa saa mbili asubuhi, Goma ni saa tatu. Na tiketi ya ndege inaandika kila mara saa ya mahali ndege ilipo: saa ya kuondoka ni ya mji unaotoka, saa ya kufika ni ya mji unaofika.

Ndiyo maana zamani mtu aliona kwenye tiketi yake: kuondoka Goma 08:00, kufika Kinshasa 09:15, akasema safari ni saa moja na robo. Sivyo. Ni masaa mawili na robo. Saa moja imefichwa na tofauti ya saa. Wakati wa kurudi, tiketi iliandika kuondoka Kinshasa 08:00, kufika Goma 11:15, na mtu akalalamika kwamba ndege ya kurudi ni ya polepole. Ni ndege ileile, mwendo uleule. Kanuni ni rahisi: ukienda Kinshasa, ongeza saa moja juu ya hesabu ya tiketi, ukirudi mashariki, punguza saa moja.

Leo, kwa wanaozunguka, tatizo limekua. Kigali ina saa sawa na Goma. Nairobi, Addis Ababa na Kampala ziko mbele kwa saa moja. Kinshasa iko nyuma ya Nairobi kwa masaa mawili. Msafiri mmoja anabadili saa mara mbili katika safari moja, na yule anayepitia Uganda kwenda Beni anabadili akiingia na anabadili tena akitoka. Mtu anayetazama simu ambayo haijajirekebisha anaweza kukaa kwenye benchi kwa utulivu huku mlango wa ndege yake unafungwa.

Na kuna mtego wa lugha. Mashariki watu wanahesabu saa kwa Kiswahili: 08:00 ya tiketi ni saa mbili asubuhi. Kinshasa wanahesabu kwa Lingala kama Kifaransa: ngonga ya mwambe, yaani saa nane ya tiketi, ambayo ni asubuhi. Kijana aliyekulia Kinshasa akimwambia mama yake kwa simu, kwa Kiswahili cha kujaribu, "Mama, ndege yako ni saa nane," mama wa Goma anasikia saa nane ya mchana. Amepika, amefunga mizigo, amewaaga majirani, na ndege imeondoka masaa sita kabla. Dawa ni ndogo: kuuliza namba iliyoandikwa kwenye tiketi, na kuuliza ni asubuhi au mchana. Vijana waache aibu ya kurudia, na wazazi waache aibu ya kuuliza.

Na mwisho wa hesabu hii, uwanja wa ndege si mji. Uwanja wa Goma uko ndani ya mji, moto inafika kwa dakika chache. N'djili iko kama kilomita 25 kutoka Gombe, na msongamano wa magari wa Kinshasa unaweza kuifanya njia hiyo iwe masaa mawili au matatu. Hata siku zile ndege ziliporuka, kulikuwa na wasafiri waliotumia muda mrefu zaidi kati ya N'djili na nyumba ya ndugu kuliko kati ya Goma na N'djili.

Masaa mawili yanabeba nini

Wapo wanaosema: kelele hizi za uwanja wa ndege ni za matajiri. Mkimbizi wa ndani aliyefukuzwa Masisi, akalala Bulengo au Lushagala, kisha mwezi wa pili mwaka 2025 akaambiwa aondoke kambini na kurudi kijijini, hajawahi kukata tiketi ya ndege hata siku moja. Uwanja ukifunguliwa au usifunguliwe, kwake ni sawa.

Hoja hii ina heshima yake na inastahili jibu. Ni kweli, watu wengi wa Kivu hawajapanda ndege. Lakini ndege haibebi tu yule aliyeketi kwenye kiti. Mwezi wa 9 mwaka 2024, chanjo za kwanza za mpox zilitua Kinshasa. Tarehe 5 mwezi wa 10, kazi ya kuchanja ilianzia Goma, kwa sababu ugonjwa ulikuwa umeingia mjini na katika kambi za wakimbizi wa ndani. Ilikuwa mwezi mmoja kati ya kutua na kuchanja, kwa chanjo inayotaka kutunzwa katika baridi kali kama barafu. Basi haiwezi kubeba baridi hiyo milima na mipaka kwa siku mbili bila wasiwasi mkubwa. Yule mama wa Lushagala hakupanda ndege. Ndege ndiyo iliyomfuata.

Ndivyo ilivyo kwa damu, kwa dawa za upasuaji, kwa daktari anayeitwa kwa haraka. Ndivyo ilivyo kwa misaada: mashirika yaliyokuwa na ndege za kibinadamu zinazotua Goma sasa yanapitisha vitu kwa barabara za nchi jirani, na kila mpaka una karatasi zake, ushuru wake na foleni yake. Muda unaopotea mpakani hauandikwi kwenye ripoti yoyote kama kifo, lakini wauguzi wanajua ulikwenda wapi.

Halafu kuna mambo ambayo hayaonekani kama dharura lakini ndiyo maisha. Mzee anafariki Kinshasa, watoto wake wako Goma. Zamani familia ilichanga, mtoto mkubwa alipanda ndege ya asubuhi, na jioni alikuwa kwenye matanga. Leo mwili unangoja mochwari, kila siku ya mochwari inalipwa, na mtoto mkubwa bado anatafuta pasipoti. Wengine wanazika kwa simu: mtu Kinshasa anashika simu juu ya kaburi, na Goma watu wamekaa kimya kuzunguka kioo kidogo, mtandao unakatika wakati wa kutupa udongo. Hakuna desturi ya Kivu inayoita hiyo mazishi.

Mwanafunzi amepata nafasi ya chuo Kinshasa, hana hati ya kusafiria. Mfanyakazi wa serikali ana faili lake wizarani, mshahara umesimama. Mke yuko Goma, mume alikimbilia Kinshasa, mtoto alizaliwa katikati ya hayo na baba hajamwona. Na pesa yenyewe ni ngumu: benki za biashara Goma zilifunga milango tangu mwezi wa kwanza mwaka 2025, hivyo nauli inachangwa kwa simu, kidogo kidogo, na wakala anachukua sehemu yake. Safari imekuwa ndefu mara mbili wakati mfuko umekuwa mfupi.

Kuna mfano ambao kila mtu aliuona. Mwisho wa mwezi wa nne mwaka 2025, Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilianza kuwasindikiza mamia ya askari waliopokonywa silaha, polisi na jamaa zao kutoka Goma kuelekea Kinshasa. Wake na watoto walikuwa ndani ya magari hayo, kwa safari ya siku kadhaa. Ikumbukwe kwamba hakuna barabara moja ya lami inayounganisha Goma na mji mkuu. Katika nchi yenye zaidi ya kilomita za mraba milioni mbili, uwanja wa ndege ndio barabara. Kufunga uwanja ni kuvunja daraja pekee la mto.

Hoja za wanaofunga

Pande zote mbili zina maneno, na maneno hayo yasidharauliwe.

Upande wa Kinshasa wanasema anga ni la Jamhuri, na kuruhusu ndege zitue mahali palipo mikononi mwa waasi ni kama kutambua utawala wao. Wanaogopa pia kwamba uwanja uliofunguliwa kwa unga na dawa utapokea silaha usiku. Upande wa AFC/M23 wanasema wao ndio wanaoshika uwanja, hauwezi kufunguliwa kwa tangazo la mbali bila wao. Tarehe 30 mwezi wa 10 mwaka 2025, katika mkutano wa Paris juu ya Maziwa Makuu, rais wa Ufaransa Emmanuel Macron alitangaza kwamba uwanja wa Goma ungefunguliwa katika majuma yanayofuata kwa ndege za kibinadamu. Goma watu walipiga simu kwa jamaa zao usiku huohuo. AFC/M23 ikajibu kwamba haikushauriwa. Furaha ikazimika kabla ya wiki kuisha.

Kuna pia hoja ya usalama wa ndege zenyewe, na hii ni ya kweli kuliko zote. Mwezi wa kwanza mwaka 2002, lava ya Nyiragongo ilifunika sehemu ya kaskazini ya njia ya kurukia, na kwa miaka mingi ndege zilitumia njia iliyofupishwa. Tarehe 15 mwezi wa nne mwaka 2008, ndege ya abiria ilishindwa kuruka na kuingia katika mtaa wa Birere. Wakaaji wa Birere hawajasahau. Uwanja uliokaa muda mrefu bila kazi, uliopiganiwa, unahitaji kukaguliwa: njia ya kurukia, taa, mnara, gari za kuzima moto. Hakuna anayetaka ndege ya kwanza iwe msiba.

Lakini hoja zote hizi zinasema jinsi ya kufungua. Hakuna hata moja inayosema kwamba mgonjwa asubiri milele.

Dunia imeshaona jambo hili. Nchini Yemen, uwanja wa Sanaa ulifungwa kwa ndege za kawaida za abiria mwezi wa 8 mwaka 2016. Mji ulikuwa mikononi mwa Wahouthi, serikali inayotambuliwa ilikuwa upande mwingine, na anga lilishikwa na nchi jirani. Kila hoja inayosikika leo juu ya Goma ilisikika kule: silaha, utambuzi, nani apige muhuri. Mwezi wa nne mwaka 2022 pande hizo zilikubaliana kusimamisha mapigano kwa usimamizi wa Umoja wa Mataifa, na ndani ya makubaliano hayo kuliandikwa ndege za abiria. Ndege ya kwanza ilipangwa mwezi huohuo ikakwama, kwa sababu ya ugomvi juu ya pasipoti za nani zikubaliwe. Tarehe 16 mwezi wa tano iliruka kwenda Amman, Yordani. Kulikuwa na wagonjwa ndani yake.

Vita ya Yemen haikuwa imekwisha. Hakuna upande uliomtambua mwenzake. Ilichukua karibu miaka sita watu wazima kukubali kwamba mgonjwa wa moyo si kiongozi wa jeshi. Kongo haina sababu ya kungoja miaka sita ili ijifunze somo lililokwisha kulipiwa na wengine.

Kinachowezekana sasa

Wanaokaa kwenye meza ya Doha na meza nyingine wanajadili mambo makubwa: mateka, majeshi, mamlaka. Uwanja wa ndege umewekwa katika rundo hilo kama kete ya kubadilishana. Hapo ndipo kosa lilipo. Ndege ya mgonjwa haifai kungoja mpaka suala la nani atawale Goma liishe. Itolewe kwenye rundo, ijadiliwe peke yake, na ianze ndogo.

Ianze na wagonjwa na dawa, mchana, kwa ndege ndogo ambazo hazihitaji njia ndefu. Kila ndege ikaguliwe na watu ambao pande zote mbili zinawakubali, hapo inapotoka na hapo inapotua, ili hofu ya silaha ipate jibu badala ya kurudiwa redioni. Ramani ya safari ijulikane na kila upande kabla ya kuruka. Hatua ya pili iwe Goma–Kavumu, dakika zile ishirini, kwa sababu ni fupi na rahisi kuchunga. Hatua ya tatu iwe Kinshasa, na pasipoti au kadi ya mpiga kura isiwe mtego: Mkongomani anayesafiri ndani ya Kongo asiulizwe alikaa chini ya utawala wa nani.

Wakati huo unangojwa, kuna mambo ambayo hayahitaji Doha wala Paris. Wakala anayeuza tiketi ya kuzunguka amwambie mteja safari nzima kabla ya kupokea pesa: mipaka mingapi, hati gani, masaa mangapi ya kungoja, na saa za kila mji. Makanisa, misikiti na vikundi vya mitaa vinavyochangia matanga viwe na mtu mmoja anayejua njia, ili familia yenye msiba isijifunze mpakani. Na vyombo vya habari vya Kivu, kila vinapotangaza habari ya uwanja, vitofautishe wazi kati ya tangazo na ndege. Watu wamechoka kufunga mizigo kwa sababu ya maneno.

Wakimbizi wa ndani nao wana sauti katika jambo hili. Wanaoulizwa na mashirika wanahitaji nini, wasiseme turubai na unga tu. Waseme pia: uwanja. Maana kila gunia linalochelewa Mpondwe au Grande Barrière, kila sanduku la dawa linalongoja muhuri, linatoka katika sufuria na katika mkono wao.

Watoto wa Goma wanaozaliwa mwaka huu wataambiwa shuleni kwamba kati ya mji wao na mji mkuu kuna kilomita 1,560. Watakariri na watapata alama. Wazazi wao wanajua kwamba namba hiyo ni kweli kwa ndege tu, na ndege haipo. Kazi ya wakubwa, wa pande zote mbili, ni kuifanya namba ya shuleni iwe kweli tena: mama anywe chai Himbi asubuhi, na mchana amzike ndugu yake Kinshasa kwa mikono yake.